Mkuki, Ushanga na Tanbihi

Mtoto wa Kialur aliyekulia Mahagi, huku Ituri nchini Kongo, haendi chuo kikuu akiwa hajui historia. Anatoka nyumbani tayari na habari ya mkuki na ushanga, aliyosimuliwa usiku na babu au bibi. Tembo aliingia shambani. Nyipir akanyakua mkuki uliokuwa karibu, nao ulikuwa wa ndugu yake, akamchoma nao tembo, na tembo akakimbia porini na mkuki mwilini. Mwenye mkuki akakataa fidia ya aina yoyote. Alitaka mkuki wake uleule. Nyipir akaufuata mbali, akaupata, akarudi nao pamoja na ushanga aliopewa huko na bibi kizee. Baadaye mtoto mdogo wa yule ndugu akameza punje moja ya ushanga, na Nyipir naye akadai punje ileile. Mtoto akapasuliwa tumbo. Baada ya hapo undugu ukafa. Wakazika shoka katika mto pale Pubungu, karibu na Pakwach ya leo, mahali Nile inapolipa mgongo Ziwa Albert, na Nyipir akavuka kwenda magharibi. Kwake yeye, wanasema wazee, ndiko zilikotoka koo za watawala wa Waalur.

Kijana huyu anafika Bunia, anajiandikisha katika historia, iwe chuo cha ualimu cha ISP au chuo kingine, na mapema sana anakutana na somo la kritiki ya historia. Humo anafundishwa kuuliza maswali ambayo nyumbani yangekuwa utovu wa adabu: nani alikuambia? Na huyo aliambiwa na nani? Alikuwepo? Kama hakuwepo, alijuaje? Alikuwa anamsimulia nani, na huyo msikilizaji alikuwa na uwezo gani wa kumpa kitu au kumnyima?

Wapo wanaodhani kwamba historia ni kukariri miaka, njia ya aliyekosa nafasi katika udaktari au sheria. Mimi naiona kuwa moja ya kazi ngumu za mkono na akili zinazofanywa katika nchi yetu, na ninataka kuieleza taratibu, jinsi inavyofanyika hasa, kwa sababu anayeifanya vizuri haonekani akiifanya. Anaonekana ameketi tu, anasoma, au amekaa chini ya mwembe na mzee mmoja tangu asubuhi.

Somo hilo la kritiki lina nasaba yake. Lilikomaa katika vyuo vya Ulaya vya karne ya 19, likafika Kongo pamoja na vyuo vikuu vya wakati wa Wabelgiji: Lovanium ya Léopoldville iliyofunguliwa mwaka 1954 na chuo cha Elisabethville cha mwaka 1956. Mwaka 1971 serikali ilipoviunganisha vyuo vyote kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, historia iliwekwa Lubumbashi, kona ya nchi iliyo mbali kabisa na Ituri. Kritiki yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza hati hupimwa kwa nje: iliandikwa lini, wapi, na nani, na hii tuliyo nayo ni ya asili au ni nakala ya nakala? Halafu hupimwa kwa ndani: mwandishi alijua nini kwa macho yake, alisikia nini tu, alitaka nini, alimwogopa nani? Ukiyasoma hayo kwenye silabusi yanaonekana mepesi. Ugumu unaanza pale hati yenyewe inapokuwa sauti ya mtu, tena mtu unayemwita babu.

Chukua habari ya mkuki. Mwanafunzi mwema haanzi kwa kuuliza kama ni kweli. Anaanza kwa kukusanya. Anatafuta kazi ya padri Joseph Pasquale Crazzolara, mmisionari wa Verona aliyekaa miaka mingi kati ya watu wa kaskazini mwa Uganda na kuchapisha kitabu chake *The Lwoo* kwa sehemu tatu kati ya 1950 na 1954. Humo anaikuta habari ileile kwa majina mengine, kwa mpangilio mwingine. Anakwenda kwa Waacholi, anaikuta kwao: huko ni Gipir na Labongo. Anasoma habari za Waluo wa Kenya, anawakuta Podho na Aruwa wakigombania mkuki na ushanga vilevile, mamia ya kilomita kutoka Pubungu. Anakwenda mbali zaidi, hadi kwa Wadinka wa Sudan Kusini, na hata huko mkuki unapotea na ushanga unamezwa.

Hapo kijana anapata mshtuko, na mimi huona kwamba mshtuko huo ndio mlango wa kazi. Kama habari hii imewatokea watu wengi hivyo, katika nchi mbalimbali, basi haielekei kuwa ni taarifa ya ugomvi mmoja uliotokea siku moja ukingoni mwa mto. Ni habari inayosafiri. Watu wanaibeba, wanaivisha majina ya mababu zao, wanaitua mahali wanapopajua. Mvivu akifika hapa ana njia mbili fupi: kufumba macho akubali kila neno, au kuitupa yote akisema ni hekaya. Mwenye ufundi hafuati hata moja. Anauliza: habari hii inafanya kazi gani mahali inaposimuliwa? Na akisikiliza kwa makini anaona kwamba inajibu mambo mazito sana. Inasema nani ni ndugu wa nani, ingawa hawakai pamoja. Inasema kwa nini mto ni mpaka. Inasema nani alikuwa na haki ya kutawala upande wa magharibi. Anayeisimulia Mahagi na anayeisimulia Gulu wanatetea mambo tofauti kwa maneno yaleyale, na tofauti hizo ndogo ndizo ushahidi. Hakuna tarehe humo, lakini kuna madai, na madai yana historia yake.

Tena kuna jambo ambalo mwanafunzi hulipata tu akiisoma habari hiyo mara nyingi. Katika matoleo niliyoyasikia na kuyasoma, mama wa mtoto aliyepasuliwa hana jina na hasemi neno. Anayelifahamu pengo hilo atajua kwamba orodha za watawala nazo ni orodha za wanaume, na kwamba akitaka kujua jinsi koo zilivyoungana na kutengana itambidi akae na akina mama wazee, awaulize waliolewa kutoka wapi, mahari ilikuwa nini, bibi zao walitoka upande gani. Mara nyingi ndoa hubeba kumbukumbu ambayo kiti cha rwoth, yaani mtawala, hakiihitaji, na kwa sababu haihitajiki na mtawala, haikukarabatiwa na mtu.

Kazi hii ya kuyapima mapokeo ya mdomo kwa utaratibu haikuletwa tayari kutoka Ulaya. Sehemu kubwa yake ilitengenezwa hapa. Jan Vansina, Mbelgiji aliyezaliwa Antwerp mwaka 1929, alikuwa amefunzwa kusoma maandiko ya Ulaya ya zama za kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Kasai kuishi na Wakuba, akagundua kwamba yale aliyokuwa akiyasikia kwao yanaweza kupimwa kwa kanuni zilezile alizojifunza juu ya hati za Kilatini. Kitabu chake kuhusu mapokeo ya mdomo, kilichotoka mwaka 1961, kilibadilisha taaluma nzima. Wakati huohuo Bethwell Allan Ogot wa Kenya, naye mzaliwa wa 1929, alikuwa akiandaa tasnifu ya historia ya Waluo wa kusini mbele ya walimu wa London, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba watu wasioandika wanaweza kuwa na historia yenye kuthibitika. Aliwasikiliza wazee ukoo kwa ukoo, akazilinganisha nasaba, akaandika. *History of the Southern Luo* ilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Wanafunzi wa Mahagi wana sababu ya pekee ya kumsoma Ogot, kwa kuwa watu anaowaandika walipita njia moja na mababu zao kabla ya kila mmoja kushika upande wake.

Sasa njoo kwenye kuhesabu, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mzee anamtajia mwanafunzi majina ya watawala kumi, kutoka aliyepo hadi yule aliyevuka mto. Mwanafunzi anataka kujua ni lini. Wanahistoria wa Afrika Mashariki walizoea kuchukua kizazi kimoja kuwa kama miaka 27. Lakini jaribu mwenyewe. Ukichukua miaka 25, vizazi kumi ni miaka 250; ukichukua 30, ni 300. Tayari nusu karne imeyeyuka. Halafu uliza kama kila mmoja katika hao kumi alikuwa mwana wa aliyemtangulia. Kama watatu kati yao walipokea kiti kutoka kwa ndugu zao, una vizazi saba tu, na mwanzo wako umesogea hadi miaka 175 au 210. Na je, yupo aliyesahauliwa kwa sababu alishindwa vita? Yupo aliyeongezwa kwa sababu ukoo fulani ulitaka kuingizwa katika nyumba ya watawala? Mwaka 1974 David Henige aliandika kitabu kizima kuonyesha jinsi orodha za namna hii zinavyorefushwa na kufupishwa duniani kote. Mwanafunzi akimaliza kukisoma huwa ana hamu ya kuacha. Mwalimu mzuri anamrudisha: nenda kaulize kila jina lina kaburi wapi, lina mama wa ukoo gani, lina tukio gani. Jina lenye kaburi, mama na tukio lina uzito. Jina tupu ni la kushukiwa. Anarudi kijijini, anakagua orodha jina kwa jina kama mvuvi wa Mahagi-Port anavyokagua wavu tundu kwa tundu, na anaporudi Bunia ana majina sita anayoyaamini na manne aliyoyawekea alama ya kuuliza. Kwangu, zile alama nne za kuuliza ni elimu kuliko majina sita.

Kisha kuna msaada uliotoka mahali ambapo hakuna mzee wa Mahagi angefikiria: Cairo. Katika kisiwa cha Roda kuna kisima cha mawe chenye nguzo ya vipimo, kilichojengwa mwaka 861, ambacho kilitumika kupima maji ya Nile. Kumbukumbu za vipimo vya mto huo zinaanzia mwaka 622. Kila mwaka waliandika kina cha chini kabisa na cha juu kabisa. Mafuriko ya Agosti na Septemba yalitoka zaidi katika mvua za Ethiopia. Lakini maji ya kiangazi, yale ya chini kabisa, yalitegemea kwa sehemu kubwa Nile Nyeupe, nayo inatoka kwenye maziwa yetu na kupita palepale Pubungu. Baadhi ya wanahistoria, akiwemo J. B. Webster na wenzake katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, wakawaza hivi: kama wazee wa jamii za Lwo, kama Waalur na Waacholi, wanasimulia njaa kubwa zilizowahamisha watu, na kama Cairo iliandika miaka ambayo maji yalipungua mno, basi huenda njaa zile zikapata tarehe. Kwa njia hiyo waliiweka njaa moja kubwa ya masimulizi mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17.

Nikifikiria hilo moyo wangu husimama. Karani wa Misri anaandika kipimo kwa ajili ya kodi ya mashamba. Maelfu ya kilomita juu ya mto huohuo mama anawachukua watoto wake na kuhama kwa sababu mtama umekauka. Na mwanafunzi mmoja anawakutanisha baada ya miaka mia nne.

Lakini mwanafunzi huyohuyo hana ruhusa ya kuufuata moyo wake tu. Lazima aseme pia kwamba vipimo vya karne za baadaye vina mapengo mengi, na ni hizo hasa anazozihitaji. Kwamba tope liliinua kitanda cha mto pale Cairo, kwa hiyo kipimo cha karne moja si kipimo cha karne nyingine. Kwamba njiani Nile Nyeupe inapoteza karibu nusu ya maji yake katika vinamasi vya Sudd, na inaongezewa maji ya Sobat kutoka Ethiopia. Kila moja ya hoja hizo inapunguza kidogo uzuri wa ugunduzi. Anayeziandika kwa hiari yake, katika ukurasa uleule alioutangaza ugunduzi, huyo ameiva.

Hati zilizoandikwa nazo zina mitego yake. Mkataba wa 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na mfalme Léopold wa Pili unaitaja Mahagi kwa jina. Uingereza ilimkodisha mfalme eneo la magharibi ya Nile, mstari ukianzia kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, kusini kidogo mwa Mahagi. Na ukanda wa upana wa kilomita 25, pamoja na bandari ya Mahagi, ulipewa masharti yake ya pekee ili Kongo isikose njia ya kufika ziwani hata baada ya mfalme kufa. Alikufa Desemba 1909. Sehemu kubwa ya eneo lile, lililojulikana kama Lado, ilirudi Sudan mwaka 1910, na kusini mwake kukawa West Nile ya Uganda mwaka 1914. Mkataba wa 3 Februari 1915 ukaupitisha mpaka unaojulikana leo, na Waalur wakajikuta wengine wanajifunza Kifaransa na wengine Kiingereza.

Mwanafunzi akiusoma mkataba huo kwa mara ya kwanza hufurahi: jina la kwao, katika hati ya kimataifa, zaidi ya miaka 130 iliyopita! Mwalimu anamuuliza: hati hii ni shahidi wa nini? Inathibitisha kwamba mjini Brussels mwaka 1894 Mahagi ilikuwa nukta iliyofaa kuanzishia mstari kwenye ramani. Je, inaonyesha nani alitawala Mahagi mwaka huo? Hapana. Inaonyesha watu walivuka ziwa kwenda wapi kuuza chumvi na samaki? Hapana. Hati inaweza kuwa ya kweli kabisa kwa swali moja na bubu kwa maswali mengine kumi. Kujua wapi shahidi wako anakoma kusema ni jambo linalochukua miaka, na mtu aliyelijua humwoni akiinua karatasi moja juu na kupiga kelele kwamba ardhi hii ni ya akina fulani.

Hilo si jambo dogo Ituri. Kwetu neno "nani alifika kwanza" limebeba damu. Vita vya 1999 hadi 2003, na machafuko yaliyoanza tena Djugu Desemba 2017 yakafika hadi Mahagi, vilikuwa na sababu nyingi, mashamba, dhahabu, silaha na siasa za nchi jirani, lakini kila upande ulikuwa na historia yake iliyonyooka, isiyo na alama hata moja ya kuuliza. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia anapochagua mada ya memwari yake, yaani kazi ya utafiti ya kumalizia masomo, anachagua pia hatari.

Tazama mfano mmoja. Aidan Southall, aliyefundisha Makerere, alifanya utafiti kati ya Waalur mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha *Alur Society* mwaka 1956. Alieleza kwamba utawala wa Waalur haukuenea hasa kwa vita. Makundi ya jirani yasiyokuwa na watawala wa namna hiyo, Walendu, Waokebo na wengine, yalimwomba mtawala wa Kialur awape mmoja wa wanawe, au hata yalimteka mtoto huyo, ili akae kwao, asuluhishe magomvi na alete mvua. Ni maelezo mazuri na yenye nguvu, na wanazuoni wengine wameyatumia hadi India ya zama za kati kuelezea dola ambazo mtawala aliheshimiwa mbali kuliko alivyotii­wa.

Sasa mwanafunzi afanye nini nayo? Anaanza na maswali ya mwaka wa kwanza. Nani alimwambia Southall? Huenda wengi walikuwa watu wa nyumba za watawala au walioishi chini yao. Lini? Wakati ambapo serikali mbili za kikoloni zilikuwa zikitawala kwa kupitia machifu, na upande wa Kongo dekreti za 1910 na 1933 zilikuwa zimeipa sheferi, yaani eneo la chifu, nguvu ya sheria. Kwa hiyo kusema "babu zetu waliombwa waje kutawala" kulikuwa na faida iliyo wazi. Je, ni uongo? Hapana, haifuati hivyo. Mtu mwenye faida katika jambo anaweza kabisa kusema kweli. Kinachofuata ni kwamba sasa lazima mtu aende Walendu-Watsi, humohumo katika teritwari ya Mahagi, akae na wazee wa Kilendu, awaulize wao wanakumbuka nini kuhusu wale wana wa watawala. Aende kwa Waokebo, ambao jembe na mkuki wa watu wote vilitoka katika tanuru zao, awaulize mhunzi alimlipa nani ushuru na nani alimlipa mhunzi. Akikuta kwamba watu wasiopendana wanasimulia jambo moja bila kuelewana kabla, jambo hilo limesimama. Akikuta wanatofautiana, ameipata memwari yake.

Na hapo ndipo ustadi wa kukaa na mtu unapoonekana. Mwanafunzi haingii na simu ikiwa tayari inarekodi. Anapeleka salamu kwanza, kupitia mtu anayejulikana. Anakaa chini kuliko mzee. Anasema ni mtoto wa nani. Anamwita papa au babu kadiri umri unavyotaka, na mzee akimwita "mwana wangu" anajua kwamba mlango umefunguka kidogo. Haulizi mwaka, anauliza ilikuwa kabla au baada ya soko kujengwa, kabla au baada ya mapadri kufika, mvua au kiangazi. Mzee akinyamaza, naye ananyamaza. Kama mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili kwa sababu mmoja ni Mualur na mwingine Mlendu, anaandika hivyo, kwa kuwa mtu hasemi mambo ya mababu kwa lugha ya soko vilevile anavyoyasema kwa lugha ya mama yake. Anaandika nani mwingine alikuwepo pale. Mzee aliyesimulia mbele ya shefu wa groupement (kundi la vijiji) na mzee huyohuyo akiwa peke yake na wajukuu ni mashahidi wawili. Tena anachunguza kama mzee amesoma. Huenda ile nasaba nzuri, iliyonyooka, aliitoa katika kijitabu cha shule miaka sitini iliyopita, na sasa inarudi kwa mtafiti ikiwa imevaa mvi.

Dunia ilishuhudia uzito wa maswali haya tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilipotoa hukumu yake ya kwanza kabisa, nayo ilihusu Ituri. Thomas Lubanga alitiwa hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita. Lakini kabla ya kufika hapo majaji walifanya kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa kritiki angeitambua. Waliwaangalia mashahidi waliodai kuwa walikuwa askari watoto, wakaangalia walivyopatikana kupitia watu wa kati, wakaona kwamba baadhi ya hao watu wa kati huenda waliwafundisha la kusema, na wakakataa kuutegemea ushahidi wa mashahidi hao. Kilichobaki kilitosha: mashahidi wengine, na picha za video, ikiwemo ile ya kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, ya Februari 2003, ambamo watoto wanaonekana kwa macho. Kutupa ushahidi mbovu ingawa unaunga mkono jambo unaloliamini, ukabaki na ule unaoweza kubeba mzigo, ni roho ya historia yenyewe. Natamani kila mwaka wa kwanza Bunia usome kurasa zile za hukumu.

Wahitimu wengi wanakuwa walimu wa sekondari. Wengine wanaingia redioni, katika mashirika, katika ofisi za serikali, katika tume za usuluhishi wa ardhi. Popote waendapo, yule aliyefunzwa vizuri anajulikana: ripoti yake hutenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia.

Mazingira yao ni magumu kuliko yanavyostahili. Nyaraka nyingi za utawala wa Kibelgiji, ripoti za wakuu wa teritwari na majalada ya kuwasimika machifu, ziko Brussels. Shajara ambazo Mapadri Weupe waliagizwa kuziandika katika kila misheni yao zinahitaji ruhusa, Kifaransa cha zamani na macho ya kusoma mwandiko. Barabara ya Bunia hadi Mahagi imefungwa na vita mara nyingi, na wazee wanakufa au wanakimbilia Uganda wakiwa na orodha zao kichwani. Katika hali hiyo, kijana anayejilipia pikipiki kwenda kumsikiliza mzee mmoja kwa mara ya tatu, kwa sababu jina la sita katika orodha lina utata, anafanya jambo ambalo hakuna atakayeweza kulifanya baadaye.

Memwari yake inapigwa chapa, inafungwa, inatetewa mbele ya walimu, inawekwa kwenye rafu. Watu husoma hitimisho. Mimi ningemshauri msomaji afungue viambatisho. Humo, kama kazi ni nzuri, kuna mahojiano yenyewe: jina la kijiji, tarehe, lugha, umri wa mzee kwa makadirio, waliokuwepo, maswali kama yalivyoulizwa, na mahali mzee alipokataa kujibu. Memwari za miaka ya 1980 zilizofanywa hivyo ndizo leo sauti pekee tuliyobaki nayo ya watu fulani. Na mwanafunzi wa sasa anayezitumia analazimika kumuuliza mwenzake wa zamani yale yale: ulitumwa na nani, ulikuwa mtoto wa ukoo gani ulipomwuliza mzee huyu habari za ukoo ule, mbona swali la nne halina jibu, na huyu mama aliyetajwa pembeni kwamba "alikuwepo", kwa nini hukumuuliza yeye?